Mwanangu atoe unga ndipo afaulu somo la biashara?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaosoma, wanaofundisha au wanaolipia karo shahada za biashara hapa Nairobi. Nimechagua nne zinazogusa jambo moja: uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Somo hili nililifundisha kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa mhasibu katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, kwa hivyo nalijua kwa pande zote mbili.

Mwalimu, hujambo? Mwanangu yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha hapa mjini, anasomea biashara. Muhula huu wana somo wanaloliita CSR, yaani huo uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Kila mwanafunzi ametakiwa kutoa shilingi 500, kundi linunue unga, mafuta ya kupikia na sabuni, lipeleke kwenye makao ya watoto, lipige picha na watoto hao, kisha liandike ripoti. Asiyeonekana kwenye picha hapati alama. Pesa hizo nilizikopa kwenye chama chetu. Kutoa ni ibada na sijutii, ila nauliza: hilo ndilo somo lenyewe? — Mama wa watatu, Umoja

Dada yangu, silo. Hilo ni tendo la huruma, na huruma ni jambo zuri, lakini hukulipa karo ili mwanao akafunzwe kununua unga. Hayo ulimfundisha wewe tangu ulipoanza kumtuma dukani. Shahada ya biashara ina kazi ya kumwonyesha jinsi kampuni inavyopata pesa zake, na ni nani anayefaidika au kuumia pesa hizo zinapotafutwa. Kampuni inaweza kugawa magunia ya unga kila Desemba, na mwaka mzima ikawa inamwaga maji machafu mtoni, inakawia kuwalipa wanaoiuzia malighafi, na kuwaweka watu vibarua miaka nenda miaka rudi. Mwanafunzi aliyezoeshwa kutazama unga peke yake hatayaona hayo mengine hata akiajiriwa humo humo.

Picha ndizo zinazoniuma zaidi. Nimewahi kuandamana na wanafunzi hadi kwenye makao ya aina hiyo, nikaona watoto wadogo wakijipanga bila kuambiwa, wa mbele akishika mfuko wa unga huku maandishi yakielekea kamera. Wameshazoea, kwa sababu kila muhula huja kundi lingine kutoka chuo kingine. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtoto zisitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi wake, tena zitumiwe kwa namna inayolinda maslahi yake. Sura yake pichani ni taarifa yake. Alama za mwanafunzi si maslahi ya mtoto yule.

Mwambie mwanao azungumze na kiongozi wa darasa, kisha wamwandikie mwenyekiti wa idara barua ya heshima wakiuliza mambo mawili: kama mchango huo umo katika orodha ya karo iliyoidhinishwa na chuo, na kama asiyeweza kuchanga anaweza kupewa kazi nyingine yenye alama sawa. Waandike kama darasa, asijitokeze peke yake. Wahadhiri wengi wanaotoa kazi ya namna hii wana nia njema, ila wamekosa cha kuwapa wanafunzi. Ndiyo maana barua inayofuata nimeipa nafasi kubwa.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri wa muda. Nafundisha maadili ya biashara na uwajibikaji wa kampuni jioni, darasa la watu zaidi ya mia moja, wengi wao wakitoka kazini moja kwa moja. Nilirithi slaidi za aliyenitangulia: piramidi, maana za maneno, mifano ya kampuni za Marekani. Wanakariri, wanajibu mtihani, wanasahau. Sina bajeti ya ziara wala msaidizi. Nifanyeje? — Mhadhiri, Roysambu

Marahaba, ndugu yangu. Piramidi usiitupe, isome upya pamoja nao. Archie Carroll, msomi wa biashara wa Marekani, alipoichora mwaka 1991 aliweka faida chini kabisa, juu yake sheria, kisha maadili, na kileleni, pale palipo pembamba, akaweka hisani. Darasa zetu huanzia kileleni na kuishia hapo hapo. Yule mwanauchumi Milton Friedman naye, ambaye wanafunzi huambiwa alikuwa adui wa somo hili kwa makala yake ya 1970, alisema biashara itafute faida ndani ya kanuni za jamii, zile za sheria na zile za maadili yaliyozoeleka. Kwa hiyo mabishano yao ni juu ya ghorofa za juu, chini wanakutana. Jioni moja yatosha kwa hayo.

Jioni ya pili wape kifungu cha 143 cha Sheria ya Kampuni ya 2015. Hakijazi hata ukurasa mmoja. Kinamwambia mkurugenzi aendeleze mafanikio ya kampuni kwa manufaa ya wanachama wake, huku akizingatia matokeo ya muda mrefu, maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wasambazaji na wateja, athari kwa jamii na mazingira, na sifa ya kampuni. Waambie watafute humo neno la msaada au mchango. Halimo. Sheria yetu inamtaka mkurugenzi awafikirie watu hawa pale pale anapoamua mambo ya kila siku ya biashara, kabla faida haijapatikana. Mwanafunzi akikishika kifungu hiki, nusu ya kazi yako imekwisha.

Sasa ingia kwenye hesabu, kwa maana hapo ndipo somo hili linapata meno. Kampuni zilizo kwenye Soko la Hisa la Nairobi huweka ripoti zake za mwaka kwenye tovuti, bure. Kila kundi lichukue moja. Watafute deni ambalo kampuni inadaiwa na wasambazaji, waligawe kwa gharama ya mauzo, yaani gharama ya kupata bidhaa ilizouza, kisha wazidishe kwa siku 365. Tuseme gharama ya mauzo ni shilingi bilioni 10 na wasambazaji wanadai bilioni 2.5: hiyo ni takriban siku 91. Kampuni inachukua miezi mitatu kumlipa mtu. Kama mkataba ulisema siku 30, basi miezi miwili yote mwenye karakana ya Kamukunji au mkulima wa kabichi wa Kinangop ameikopesha kampuni kubwa bila riba, ilhali yeye mwenyewe huenda anakopa kwa riba ili alipe wafanyakazi wake. Kisha watafute kiasi kilichotolewa kwa misaada mwaka huo huo, wakiweke kando ya deni hilo. Usiwaambie la kusema. Waache watazame tarakimu mbili hizo.

Wengine watakuuliza kama siku za malipo ni jambo la uwajibikaji kweli au ni mambo ya uhasibu tu. Wakumbushe Nakumatt, ile kampuni ya maduka makubwa iliyoanguka. Ilipowekwa chini ya msimamizi mwanzoni mwa 2018, wasambazaji walikuwa wanaidai mabilioni ya shilingi, na miongoni mwao walikuwamo wafanyabiashara wadogo waliokuwa wameweka mtaji wao wote kwenye rafu zake. Hakuna mradi wa jamii ambao ungeweza kufidia pigo lile.

Umesema huna bajeti ya ziara. Ndugu yangu, darasa lako lenyewe ni ziara. Watu zaidi ya mia wametoka kwenye benki, hospitali, viwanda, ghala na maduka saa kumi na moja, wakapanda matatu, wakakaa mbele yako. Mwombe kila mmoja aandike kurasa mbili juu ya mahali anapofanya kazi, jina la kampuni likifichwa kabisa. Anayesafisha vyoo ameajiriwa na nani, na je, analipwa sawa na aliyekuwa akifanya kazi hiyo kabla haijapewa kampuni ya nje? Taka zinaenda wapi baada ya lori kuondoka getini? Kuna vibarua wangapi, na wamekaa muda gani? Hapo wafungulie Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37: kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, anahesabiwa kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya kupewa ilani kabla ya kuachishwa. Kule nilikokuwa mhasibu nilikuwa nikiona majina yale yale yakikatwa kwenye orodha siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha yakirudishwa wiki iliyofuata. Kiwanda hicho kilikuwa kimejengea shule moja madarasa, na bango la shukrani lilitundikwa mapokezi. Vibarua waliingilia mlango wa nyuma, hawakuwahi kuliona. Tangu wakati huo kila nikisikia kampuni ikisifiwa kwa msaada, swali langu la kwanza huwa ni orodha ya mishahara.

Kuna chanzo kingine cha habari ambacho vitabu havikitaji. Nje ya kila kiwanda cha Industrial Area, kwenye barabara kama Lunga Lunga, kuna mama wanaouza chapati, githeri na chai kwa mkopo. Kila mmoja ana daftari la madeni. Mama huyo anajua mshahara ulichelewa mwezi gani, saa za ziada zilikatwa lini, na nani ameachishwa, kwa sababu deni lake limebaki bila mwenyewe. Wanafunzi wawili wawili wanaweza kwenda kula chakula cha mchana pale, walipe, waulize kwa adabu, wasiandike jina la mtu. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekulia Mukuru kwa Reuben, kando ya Mto Ngong. Aliandika rangi za maji ya mto siku baada ya siku, akieleza ni kiwanda cha aina gani hufungulia maji wakati gani. Wenzake walimsikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza mimi.

Tenga jioni mbili kwa ajili ya Owino Uhuru. Huu ni mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri Phyllis Omido kuwa afisa wa uhusiano na jamii, kazi ile ile ambayo wengi katika darasa lako wanaitamani. Miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kushughulikia ripoti ya athari kwa mazingira. Ripoti ikaonyesha hatari; wakubwa wake hawakukubali ushauri. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini mwake, iliyompitia kwenye maziwa ya mama. Omido akaacha kazi, akaanza kuutetea mtaa. Kiwanda kilifungwa 2014, yeye akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Mashirika ya serikali yaliyotakiwa kusimamia mazingira nayo yalibebeshwa lawama. Hukumu hizo zinasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Waulize wanafunzi: wiki ile ripoti ilipotoka, ungekuwa wewe ungemwandikia nani? Mhasibu wa kiwanda aliona nini kwenye vitabu? Mnunuzi wa risasi ile alikuwa na wajibu gani? Usiharakishe. Jioni ya kwanza watakasirika tu, na hasira si jibu. Jioni ya pili ndipo wataanza kufikiri kama watu watakaoketi kwenye viti hivyo.

Na mtihani wako ubadilike. Acha "eleza maana ya uwajibikaji". Waandikie hivi: wewe ni mhasibu msaidizi, meneja ameagiza wasambazaji wasilipwe hadi Januari ili fedha zilizo benki zionekane nyingi mwisho wa mwaka, mwandikie barua ya ukurasa mmoja. Barua hiyo haikaririki.

Mwisho, kanywe chai na wenzako wa uhasibu, ununuzi na rasilimali watu. Uwajibikaji ukiachiwa somo moja la muhula mmoja ni chumvi iliyowekwa pembeni ya sahani badala ya kutiwa mchuzini. Anayefundisha uhasibu akubali swali moja la siku za malipo, wa rasilimali watu akubali kifungu cha 37. Vyuo vingi duniani vimetia saini kanuni za elimu ya usimamizi unaowajibika, zilizoanzishwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2007, na saini hizo huonyeshwa wakaguzi wanapokuja. Mimi natamani kuona maswali ya mtihani wa uhasibu.

Mwalimu, nimesoma kwamba India inalazimisha kampuni kutoa asilimia 2 ya faida kwa jamii. Mbona Kenya tusiwe na sheria hiyo? Na je, somo hili litanipa kazi? — Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kahawa West

Mwanangu, umesoma sawa. Ni kifungu cha 135 cha Sheria ya Kampuni ya India ya 2013, kilichoanza kutumika Aprili 2014. Kinazihusu kampuni kubwa tu, na asilimia hiyo hupigwa kwenye wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia. Faida yake naiona: bodi inalazimika kukaa chini, kupanga na kutoa hesabu. Lakini sipendi tuige. Kampuni ikishatoa asilimia 2 itataka isiulizwe juu ya 98, na mwanafunzi atasoma jinsi ya kugawa badala ya jinsi ya kuzalisha. Nchini kwetu, mahali ambapo biashara inachimba kitu kisichorudi, sheria imeshagawa: Sheria ya Madini ya 2016 inatoa asilimia 70 ya mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayochukua, kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali. Kwingine, naomba kwanza kodi kamili, mishahara kwa wakati na maji safi yanayotoka bombani mwa kiwanda.

Kuhusu kazi, nafasi katika wakfu za kampuni, yaani mashirika yao ya kutoa misaada, ni chache mno kuliko vijana wanaozitaka. Penye mlango ni kwenye vipimo. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo Novemba 2021 wa jinsi kampuni zitakavyotoa taarifa za mazingira, jamii na utawala. Mtu fulani lazima akusanye lita za maji, ajali za kazini na idadi ya wanawake kwenye ngazi za juu, na azijue kiasi cha kutetea tarakimu zake mbele ya mkaguzi. Mashamba ya maua ya Naivasha yanayouza Ulaya hukaguliwa na wanunuzi kwa namna hiyo hiyo. Jifunze kupima, jifunze sheria ya ajira na ya mazingira. Somo hili likifundishwa vizuri litakupa macho, ila hizo stadi nyingine uzitafute mwenyewe.

Ukipata nauli, nenda Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe kikaacha mashimo makavu yenye joto na chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa ameajiriwa na kampuni yenyewe, alianza kupanda miti humo. Mivinje ikashika. Majani yake yalikuwa hayaozi, akaleta majongoo wayale, udongo ukaanza kujitengeneza. Leo ni Haller Park, msitu wenye twiga na viboko. Kinachonivutia ni kwamba kazi ilifanyika pale pale palipochimbwa, na mtu aliyekuwa kwenye orodha ya mishahara.

Mwalimu, nina karakana Kariobangi Light, nayeyusha alumini chakavu na kutengeneza sufuria. Nina vijana wanne. Jioni nasomea stashahada ya usimamizi wa biashara. Mhadhiri alisema uwajibikaji ni somo la kampuni kubwa. Mimi basi halinihusu? — Fundi, Kariobangi

Linakuhusu sana, kaka, na utaanzia kwenye sufuria yenyewe kwa sababu uji wa mtoto utapikiwa humo. Watafiti waliopima sufuria za alumini chakavu nchini Kamerun walikuta risasi ikitoka kwenye sufuria na kuingia kwenye chakula. Kwa hiyo kabla ya kuyeyusha, chambua. Vipande vya betri, rejeta za zamani, vipuri vya elektroniki na chochote kilicholehemiwa kwa risasi kisiingie kwenye tanuri. Nyaya za umeme za alumini na fremu za madirisha zisizo na rangi ni salama zaidi, ingawa najua wanaouza vyuma watakutoza zaidi kwa hizo. Hiyo tofauti ya bei ndiyo gharama yako ya uwajibikaji. Iandike kwenye vitabu, uijumlishe kwenye bei ya sufuria, na umweleze mteja sababu.

Vijana wako wanne wawe na glavu, viatu vya kufunika na miwani. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili yao, hata akiwa na karakana ndogo. Tanuri ulipandishie bomba la moshi, na uwaulize majirani upepo hupeleka moshi wapi saa za jioni.

Halafu mwombe mhadhiri wako akuruhusu uandike kazi yako ya muhula juu ya karakana hiyo badala ya kampuni ya Marekani. Weka bei ya kila aina ya chuma chakavu, kilo ulizokataa, na kilichobaki mfukoni baada ya kulipa kila mtu. Ukimaliza niletee nakala, ningependa kuisoma.